Laptopu Yako Haijazeeka, Unachezwa

Wacha nianze na kitu ambacho kitakasirisha watu. Laptopu nyingi ambazo mnasema zimezeeka hazijazeeka. Hazina virusi mia nne. Hazihitaji programu ya kuzisafisha. Na wengi wenu mnaochanga doo mnunue ingine, hamhitaji ingine.

Kinachoendelea ni rahisi kuelewa: mwendo wa konokono wa mashine yako ni mshahara wa mtu. Kila ikiganda, kuna mahali simu ya mtu inalia na meseji ya M-Pesa. Huyo mtu anaweza kuwa fundi wa ghorofa ya pili, anaweza kuwa muuzaji wa laptopu, anaweza kuwa kampuni ya ng'ambo ambayo haijui Umoja iko wapi. Mchezo wao ni mmoja. Wanakuuzia jibu kabla hujajua swali.

Na swali ni moja tu: ni kipande gani cha hii mashine kinachofanya vingine vyote vingoje? Ukijua hilo, pesa nyingi uliyotaka kutumia inabaki mfukoni. Usipojua, utalipia kila kitu isipokuwa kile kinachohitajika.

Hii ni stori ya pesa

Najua kuna mtu ameshaanza kusema haya ni mambo ya wale watu wa kompyuta. Zii. Kwa kizazi chetu kompyuta ya nyumbani si pambo la sebuleni. Ndiyo unaombea mkopo wa HELB. Ndiyo unachagulia kozi kwa KUCCPS. Ndiyo unajazia KRA tarehe 30 mwezi wa sita, saa tano usiku, kama Mkenya wa kawaida.

Kuna msee anasikiliza rekodi za sauti na kuziandika, na analipwa kwa dakika za sauti, si kwa saa anazokaa kwa kiti. Mashine yake ikichukua dakika nne kuwaka na nusu dakika kufungua kila faili, huyo hachoki tu, anakatwa mshahara. Kuna dada anakata video za harusi za watu. Kuna keja ambapo laptopu ni moja na wanaoihitaji ni wanne, na kila mtu ana zamu ya saa moja. Robo ya hiyo saa ikiishia kwa kaduara kanakozunguka kwa skrini, nani anarudisha?

Piga hesabu. Dakika 10 za kungoja kila siku ni kama saa 60 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya siku saba za kazi ya saa nane. Wiki nzima ya maisha yako, kila mwaka, umekaa unaangalia kaduara.

Mpishi, meza na stoo

Fikiria kibanda cha mama anayeuza chapati madondo. Mpishi ndiye prosesa. Meza anayofanyia kazi ndiyo RAM. Stoo ambapo unga, mafuta na maharagwe vinakaa ndiyo diski. Sasa, mpishi anaweza kuwa na mikono myepesi kuliko yeyote Kenya hii, lakini kama meza yake inatosha sahani mbili, na stoo iko ng'ambo ya Thika Road, wateja watangoja tu. Ukija hapo useme shida ni mpishi, afutwe aletwe mwingine, utakuwa umeharibu pesa na chapati bado zitachelewa.

Diski za kitambo, zile zinaitwa HDD, ni za kuzunguka. Ndani kuna sahani inayozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kamkono kanakokimbia huku na huku kutafuta data. Kila kitu kipya kinachotafutwa kinachukua milisekunde kumi na kitu. Unaona ni kidogo, lakini Windows ikiwaka haitafuti kitu kimoja. Inatafuta maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila kona. HDD inaweza kujibu maombi ya aina hiyo kama mia moja hivi kwa sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka, haina mkono wa kusogea, na inajibu maelfu kwa maelfu. Hiyo ni tofauti ya kutoka Thika hadi tao kwa miguu na kupanda matatu.

Halafu kuna meza. Ukiwa na RAM ya GB 4, Windows ikishawaka tu, kabla hujagusa kitu, kama nusu imeenda. Fungua brauza na kurasa kumi na tano, weka Word juu yake, weka WhatsApp, na meza imejaa. Hapo mashine inafanya kitu ambacho wengi hawajui: inaanza kutoa vitu mezani na kuvipeleka stoo, halafu inavifuata tena ukivihitaji. Na kama stoo yenyewe ni HDD, basi mpishi anavuka Thika Road kila dakika mbili.

RAM ya GB 4 na HDD. Hiyo ndiyo laptopu ya Mkenya wa kawaida, na hiyo ndiyo sababu inaganda. Si laana. Si uzee. Ni meza ndogo na stoo ya mbali, na vyote viwili kwa mashine nyingi vinabadilishwa kwa bisibisi na nusu saa.

Sasa tuongee kuhusu wale wanaofaidika usipojua.

Mchezo wa kwanza: programu za kusafisha

Unazijua. Zinaahidi "kuongeza kasi", zinapiga skani, halafu zinakuletea namba ya kutisha kwa rangi nyekundu: makosa 1,287 yamepatikana! Bonyeza hapa ulipe urekebishe.

Hebu jiulize, makosa gani? Nyingi zinahesabu vijifaili vya brauza na mistari ya zamani kwa rejista ya Windows, vitu ambavyo havipunguzi mwendo wa mashine hata kidogo. Microsoft wenyewe, wenye Windows yao, wamesema hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, kwa sababu zinaweza kuharibu mfumo. Mwenye nyumba anakuambia usiguse huo ukuta, na wewe unamlipa mtu wa nje aje na nyundo.

Na kama unadhani programu yenye jina kubwa ni salama, kumbuka CCleaner. Mwaka 2017 wahalifu waliingia kwa mfumo wa waliokuwa wanaitengeneza na kupachika programu hasidi ndani ya toleo rasmi, 5.33. Zaidi ya kompyuta milioni 2 ziliipokea. Watu walikuwa wanaweka dawa ya kusafisha, kumbe chupa ina sumu, na lebo ni ile ile ya duka.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Marekani. Duka kubwa la Office Depot lilikuwa linapima kompyuta za wateja bure. Kabla ya skani unaulizwa maswali manne: mashine inaenda polepole? Inaganda? Inaleta matangazo? Imewahi kukuonya kuhusu virusi? Kulingana na tume yao ya kulinda wanunuzi, FTC, ukijibu ndiyo kwa swali hata moja, skani inasema kuna dalili za programu hasidi, hata kama mashine ni safi kama pamba. Halafu unauziwa matibabu. Mwaka 2019 Office Depot na kampuni iliyowatengenezea hiyo programu, Support.com, walikubali kulipa dola milioni 35 kumaliza kesi. Hao ni watu wenye duka, risiti na mawakili. Sasa wewe unaamini tangazo lililotokea katikati ya filamu uliyoitoa mahali hata hupajui?

Mchezo wa pili: "Tupige fomati"

Wacha niseme mapema: fundi mzuri yupo, na tutafika kwake. Lakini kuna yule ambaye dawa yake ni moja kwa kila ugonjwa. Inawaka polepole? Fomati. Haishiki Wi-Fi? Fomati. Herufi ya A imekwama kwa kibodi? Boss, hii wacha tupige fomati.

Unajua kwa nini fomati inaonekana inafanya kazi? Kwa sababu inafuta zile programu zote zilizokuwa zinaamka pamoja na mashine. Wiki mbili unafurahia. Halafu unaziweka tena, Windows inaleta masasisho, diski inajaa, na unarudi pale pale kwa HDD yako na GB 4 zako. Unarudi kwa fundi. Anapiga fomati. Unalipa. Hiyo ni rinyuo ya kila muhula.

Na kuna bei ambayo haiko kwa risiti. Kuna jirani yangu wa ploti, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alipeleka laptopu kwa fundi mmoja akilalamika inachelewa kuwaka. Akarudishiwa ikiwa mpya kabisa ndani. Mpya kiasi kwamba sura tatu za mradi wake wa mwisho hazikuwepo. Hakuulizwa "umehifadhi mahali pengine?" Hakuambiwa fomati inafuta nini. Alilipa, alisema asante, alifika nyumbani, alifungua folda. Hiyo kimya sitawahi kuisahau. Na unajua shida ya mashine yake ilikuwa nini? Ilikuwa HDD. Bado iko hapo ndani, bado inazunguka, bado inachelewa.

Mchezo wa tatu: stika ya i7

Ingia duka lolote Luthuli ama Moi Avenue uulize laptopu. Jambo la kwanza utaambiwa ni "hii ni Core i5," ama "hii ni i7, boss, hii ni moto." Na sisi tunatingisha kichwa kama tunaelewa.

Core i7 si kipimo. Ni jina la ukoo. Intel wamekuwa wakilitumia tangu 2008, na ndani ya huo ukoo kuna babu na kuna mjukuu. Chukua i7-7500U ya 2016. Ina koa mbili. Chukua i5-8250U ya 2017, mwaka mmoja tu baadaye. Ina koa nne. Ile yenye namba ndogo kwa stika ina wapishi mara mbili ya ile yenye namba kubwa. Lakini dukani i7 itauzwa ghali, na utaondoka ukitabasamu.

Kinachosema ukweli ni namba baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8350U ni kizazi cha 8. Ikianza na 10 ama 11 na ina tarakimu nne ama tano, hicho ni kizazi cha 10 ama 11. Ukiulizia hiyo namba nzima utaona sura ya muuzaji ikibadilika, kwa sababu ameshajua wewe si wa kuchezewa.

Na hata hiyo prosesa ikiwa kali, waulize: diski ni HDD ama SSD? RAM ni ngapi, na nafasi ya kuongeza iko? Mashine ya i5 kizazi cha 6, SSD na RAM ya GB 8 itakimbia kuliko i7 yoyote iliyofungiwa na HDD na GB 4, kwa kazi ambazo wengi wetu tunafanya kila siku. Lakini SSD haina stika inayong'aa pale mbele, kwa hivyo hakuna anayeiimba.

Mchezo wa nne: wakubwa wenyewe

Tusiishie kwa fundi wa tao kana kwamba yeye ndiye mwizi pekee. Wakubwa pia wamo.

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na sheria mpya: lazima mashine iwe na TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, orodha ya prosesa zinazokubaliwa inaanza kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 wakaacha kuhudumia Windows 10. Angalia mashine zilizojaa mtaani kutoka ng'ambo, zile za ex-UK. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ni kizazi cha 6. Ni mashine ngumu, ya ofisi, inafunguka kwa bisibisi, inaongezwa RAM, inawekwa SSD. Ofisi za Ulaya zimeitupa, sisi tumeinunua kwa jasho, na sasa tunaambiwa muda wake umeisha. Haijaharibika. Kuna mtu ameamua tu.

Watasema ni usalama. Sawa, TPM ina kazi yake na sikatai. Lakini dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na unajua zinaishia wapi zikishapita mikono ya mwisho. Usalama ambao dawa yake ni "tupa ununue ingine" ni usalama wa mtu mwenye pesa.

Na hii tabia si ya jana. Niklaus Wirth, yule Mswisi aliyetengeneza lugha ya Pascal, aliandika mwaka 1995 akilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi. Mwaka 1995! Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Tangu hapo mashine zimekuwa kali mara nyingi sana, na bado kufungua programu ya kupiga soga kunahitaji RAM kuliko kompyuta nzima ya wakati huo. Wanaotengeneza hizi programu wana laptopu za GB 32 mezani. Hawajui GB 4 inauma vipi.

Na sisi tuna sehemu yetu

Sasa wacha niwageukie nyinyi. Mnalia mashine inakwama, na ndani mna Office ya bure mliyopewa na flashi ya rafiki, na kiwashio cha Windows ambacho maagizo yake ya kwanza ni "zima antivairasi." Mtu akikuambia ufunge mbwa kabla aingie nyumbani kwako, utafanya hivyo? Hizo faili ni njia inayojulikana ya kuingiza programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa prosesa yako ama kuiba nywila zako. Feni inalia usiku kucha na wewe unasema laptopu imezeeka. Haijazeeka. Inafanya kazi ya mtu mwingine na wewe ndiye unalipa stima.

Kuna pia wale wenye antivairasi mbili kwa mashine moja, eti ulinzi zaidi. Windows ina yake ndani tangu Windows 8 ya 2012, na kwa watu wengi inatosha. Ukiweka nyingi ni kama kuajiri soja wawili wanaokaguana mlangoni huku wewe unangoja kuingia.

Fanya hivi kabla ya kulipa mtu

Pima kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ni ya bure, imekuwa hapo siku zote. Tumia mashine yako kama kawaida kwa dakika kumi halafu angalia. Diski iko 100% na prosesa iko 15%? Shida ni stoo. Memori iko 90% na zaidi? Shida ni meza. Prosesa iko 100% na hujafungua kitu? Angalia ni programu gani inakula, na kama jina lake hulijui, anza kuwa na wasiwasi. Ukurasa wa Performance utakuambia pia diski yako ni HDD ama SSD, na RAM imejaza nafasi ngapi kati ya ngapi.

Pili, nenda pale Startup uzime kila kitu ambacho hakihitajiki kuamka pamoja na mashine. Huhitaji programu ya muziki, ya michezo na ya kupiga simu za video kuwaka saa kumi na mbili asubuhi. Kuzizima hapo hakuzifuti. Utazifungua ukizitaka.

Tatu, tumia Restart, si Shut down pekee. Wengi hawajui kwamba Windows 10 na 11, zikiwa na ule mpangilio wa kuwaka haraka, hazianzi upya kabisa ukiizima kawaida. Zinahifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha kesho, pamoja na uchafu wa jana. Restart ndiyo inaanza kutoka sufuri. Ni bure na inasaidia kuliko zile programu zote za kulipia.

Nne, acha nafasi kwa diski. Ikijaa hadi imebaki GB 3, hata SSD inachoka. Zile filamu ulizotazama 2022 toa.

Tano, joto. Ukiweka laptopu juu ya blanketi umeziba pua yake. Prosesa ikichemka inajipunguzia mwendo ili isiungue, hivyo imeundwa. Vumbi la miaka mitano kwa feni linafanya kitu hicho hicho. Kusafishwa na kuwekwa pesti mpya ya kupoza ni kazi ndogo kwa fundi anayejua.

Hayo yote ni bure ama karibu bure. Kama bado inaganda, na Task Manager imekuonyesha ni diski, nunua SSD. Ya GB 256 inatosha kuanzia, na kwa kawaida inagharimu bei ya raba moja ya maana, si bei ya laptopu. Bei hupanda na kushuka, kwa hivyo uliza maduka matatu. Kama ni memori, ongeza RAM ifike GB 8. Jihadhari na SSD ya TB 2 inayouzwa bei ya chakula cha mchana. Hiyo ni feki, itajionyesha kubwa halafu ikule faili zako. Programu ya bure inayoitwa H2testw itakuambia ukubwa wake wa kweli. Ukinunua mashine ya ex-UK, CrystalDiskInfo, ya bure pia, itakuonyesha afya ya diski na saa ambazo imefanya kazi. Muulize muuzaji uiendeshe hapo hapo dukani. Akikataa, umeshapata jibu.

Na kama mashine yako haikubaliwi Windows 11? Microsoft wameongeza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha: dola 30, ama bila pesa ukiingia na akaunti yao na kuhifadhi mipangilio yako kwao. Baada ya hapo kuna Linux Mint, ambayo ni bure kabisa, haikuulizi kizazi cha prosesa, na unaweza kuijaribu kutoka kwa flashi bila kugusa kitu ndani ya diski. Ukitegemea Photoshop ama Word yenyewe haitakufaa. Ukiwa mtu wa brauza, PDF na kuandika, utashangaa.

Kuna zilizokufa kweli

Sitawadanganya kama wale wengine. Kuna mashine ambazo haziokoki. Zile ndogo za bei rahisi zenye GB 32 ya eMMC na RAM ya GB 2 zote zimeunganishwa kwa bodi, hizo hakuna cha kubadilisha. Na kama kazi yako ni kukata video za 4K ama kutengeneza vitu vya 3D, SSD haitageuza prosesa ya 2012 kuwa mpya. Hapo nunua, na ununue ukijua namba.

Wengine watasema, "Lakini fundi naye anatafuta riziki." Ni kweli, na mimi sitaki afe njaa. Fundi wa kweli utamjua kwa kitu kimoja: atakuuliza maswali kabla ya kushika bisibisi. Unafanya kazi gani na hii mashine? Ilianza lini? Faili zako ziko wapi kwingine? Atakuonyesha kwa skrini ni nini kinachochelewesha, halafu atataja bei. Huyo mlipe vizuri, mpe na ya soda, na utume mbogi yako yote kwake. Yule anayesema "fomati" kabla hujakaa, beba mashine yako uende.

Kizazi chetu kinaambiwa kila siku kwamba kazi ziko mtandaoni, tujiajiri, tuchangamkie dijitali. Poa. Lakini mtu anayefanya kazi na chombo asichokielewa atakuwa mteja wa kila mtu milele. Mkulima anajua jembe lake. Mtu wa boda anasikia injini ikibadilisha sauti akiwa bado kwa kona. Wewe ofisi yako nzima iko ndani ya kisanduku cha inchi 14, na hujui diski yake ni aina gani.

Leo, kabla ya kulala, bonyeza vile vitufe vitatu. Angalia ni nini kiko 100%. Halafu mtumie hii yule msee anayetaka kuuza laptopu yake kwa bei ya hasara kwa sababu "imezeeka." Mwambie asubiri. Inawezekana anakaribia kutupa mpishi mzuri kwa sababu ya stoo mbaya.